Siku Kumi na Nne za Goti la Yasini

Nianze na begi, kwa sababu hujawahi kumwona Yasini kabla hujaliona begi lake. Ni begi la mgongoni, zamani lilikuwa jeusi, sasa limeshika rangi ya barabara. Mafundi viatu wa miji mitatu wamelishona, kila mmoja kwa uzi wake. Ndani mna betri, tochi za kichwani, nyembe, sabuni, chaja za simu, soksi, kandambili, na vidonge vya maumivu ambavyo hana kibali cha kuviuza. Mzigo anaujaza mjini Isaka kwa watu wake wa kwenye malori, anapita nyumbani Nyasubi kumsalimia mke na kubadilisha shati, halafu anaanza kutembea. Anatembea machimbo hadi machimbo mpaka Katoro, kisha anageuza. Mzunguko mmoja unamchukua wiki sita, na ameufanya kwa miaka ishirini na miwili.

Ukimwuliza kwa nini hapandi bodaboda kama watu wenye akili zao, anakujibu kwamba bodaboda itampitisha wateja. Nami nakubali ana hoja. Lakini nilikuwa namwambia kwamba wateja hawajawahi kumbebea magoti.

Mwaka juzi alikutana Isaka na kijana wa Kizungu mwenye begi kubwa kuliko lake, lenye godoro limekunjwa juu na sufuria inaning'inia chini. Yasini akajua huyu ni mshindani, akamwuliza anauza nini. Kijana akasema hauzi kitu. Anatembea tu, ametoka kwao, anapita nchi hadi nchi, anapumzika. Yasini alinisimulia habari hiyo akiwa amekaa kwenye kizingiti cha jiko langu, akacheka mpaka chai ikamwagika. Mtu anabeba mzigo mgongoni, anatembea juani, na anaita kupumzika! Alicheka mwaka mzima. Kila akipita alinikumbusha.

Mimi jina langu la ubatizo ni Rebeka, lakini anayeliita ni padri peke yake. Kwa wengine wote ni Mama Makoye. Nakaa kitongoji cha nusu siku ya mguu kutoka Katoro, nje ya barabara, mahali ambapo hata simu ikikuonyesha ramani inaonyesha kijani tupu. Mume wangu alikufa, akaniachia shamba la mtama, nyumba ya vyumba viwili, na Makoye, ambaye ana miaka thelathini na moja na bado anatafuta dhahabu ya kunijengea nyumba. Ameitafuta tangu ana ishirini. Nyumba hiyo mpaka sasa ina ghorofa mbili, mdomoni mwake.

Sasa kuna jambo la kuelewa kuhusu Yasini na wachimbaji. Wanaamini ana pua. Rashi ikitokea popote, yaani dhahabu ikionekana porini na watu wakamiminika kama siafu, Yasini anakutwa pale pale, siku ya kwanza au ya pili, begi mgongoni, anauza tochi. Imetokea mara nyingi mno. Basi wanasema mtu huyu anaisikia dhahabu ikiwa bado chini ya udongo. Wengine wanasema ana dawa, wengine wanasema ana jini wa Pwani, kwa kuwa babu yake alikuja na biashara kutoka Pwani na watu wa huku wakisikia Pwani wanamaliza maswali.

Ukweli ni mdogo na hauna jini. Mama lishe wa machimboni akiona wateja wake wa jana hawajaja kula, anajua wamehamia wapi. Yasini anamwuzia soksi, anasikiliza, anaondoka na habari. Hiyo ndiyo pua yenyewe. Aliniambia mwenyewe, na hajawahi kuwaficha wachimbaji. Aliwaambia, wakamcheka, wakamwambia aendelee kuficha.

Mwaka huu, mtama ukiwa umeanza kutoa masuke, nilimwona anakuja kwa njia ya kisimani, anatembea kama mbuzi aliyefungwa mguu. Goti la kulia lilikuwa limevimba ukubwa wa papai. Nikamwita Makoye, nikasahau yuko Katoro, nikampokea begi mwenyewe. Lile begi nililiweka chini haraka. Sikujua betri zina uzito wa namna ile.

Tulimpeleka zahanati kwa baiskeli ya jirani. Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya mwalimu mkuu, alimtoa maji kwenye goti, bomba mbili zilizojaa, akamfunga bandeji, akasema: "Mzee, siku kumi na nne. Hutembei, hubebi kitu, hupigi magoti, hupandi wala hushuki kitu chochote. Ukizitimiza, mguu unaupata. Usipozitimiza, usinitafute. Tafuta fimbo."

"Na kuswali?" akauliza Yasini.

"Swali umekaa. Mungu anaona bandeji."

Nyasubi ilikuwa mbali kwa mguu ule, na barabara ya kwetu kwa bodaboda ingemrudishia maji yote. Akampigia mke wake, Shadya, akamweleza. Shadya akaomba kuongea na mimi. Alilia kidogo, kisha akasema, "Mama Makoye, nakuomba kitu kimoja. Huyo mwanaume hajui kukaa. Nikalishie." Nikamwahidi. Nakumbuka nilisema kwa sauti kubwa, mbele ya daktari, kwamba nitamkalisha hata kwa kumfunga kamba.

Nikampa kibanda cha kulindia ndege, kile kilichoko katikati ya shamba la mtama. Kina kivuli, kina upepo, na mgonjwa akiwa mle anaweza kugonga debe ndege wasinilie mtama. Simlishi mtu bure kabisa, hata mgonjwa.

Siku tatu za kwanza nilitamani kumrudisha kwa daktari. Mtu huyu hajui kupumzika kama vile ng'ombe asivyojua kusoma. Anaamka kabla ya alfajiri, anaswali amekaa, anapanga begi, anafunga mikanda, anakaa kando yake kama abiria anayesubiri basi. Jua likichomoza anafungua begi, anapanga upya. Nikienda na uji ananiuliza saa ngapi. Nikirudi kuchukua bakuli ananiuliza tena. Mguu mbovu umelala, lakini ule mzima unachezacheza chini ya shuka, unatembea peke yake kwenda Katoro.

"Mama Makoye," akaniambia siku ya tatu, "sasa kupumzika kwenyewe ndiyo nafanya nini?"

"Hufanyi kitu, Baba Amira."

"Nikishamaliza kutofanya?"

Nikamwacha. Nikabeba bakuli nikarudi jikoni.

Siku ya nne alilala. Nilienda na ugali mchana, nikamkuta amelala chali, mdomo wazi, debe kifuani, ndege wamejaa kwenye mtama wanasherehekea. Sikumwamsha. Niliwafukuza ndege mwenyewe, taratibu, kwa kupunga kanga, nisimshtue. Alilala mpaka jua likageuka. Siku ya tano akalala tena, akaamka, na hakuuliza saa. Alikuwa ameegemea nguzo anatazama shamba.

"Unajua," akasema, "mtama una sauti."

"Ni upepo."

"Najua ni upepo. Nimepita kwenye mashamba haya miaka ishirini na miwili, Mama Makoye. Nilikuwa nasikia pumzi yangu tu na hizi betri zinavyogongana."

Nilimtazama usoni. Ile mikunjo ya katikati ya nyusi, ambayo nilidhani alizaliwa nayo, ilikuwa imelegea, na niliona kumbe ni mwanaume mzuri. Goti lilikuwa limeshuka. Akanisimulia habari za binti yake Amira ambaye hakuwa amewahi kumsikia akisoma, kwa sababu kila akirudi nyumbani binti yuko shule na kila akiondoka binti bado yuko shule. Akasema siku kumi na nne zikiisha atarudi Nyasubi na atafungua meza ya bidhaa mbele ya nyumba, wateja wamfuate wao. Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi kana kwamba goti ni langu.

Siku ya sita akaja Makoye.

Alikuja kuomba mchele, kama kawaida yake, maana Katoro kuna kila kitu isipokuwa chakula cha mama. "Shikamoo, mayu." Marahaba. Kisha macho yake yakaenda shambani. Akamwona mtu kwenye kibanda.

"Yule si mzee Yasini?"

"Ndiye. Anaumwa goti. Amepumzika."

"Tangu lini?"

"Leo siku ya sita."

Makoye alinyamaza. Mwanangu akinyamaza huwa anafikiri, na akifikiri huwa napata hasara. Akarudia polepole: "Mzee Yasini. Siku sita. Mahali pamoja." Halafu akatazama ardhi chini ya kibanda changu kwa namna ambayo hakuwahi kuitazama hata siku moja nilipompa jembe.

Nilimwambia asiwe mjinga. Nikamwonyesha karatasi ya zahanati. Akaisoma, akanirudishia kwa heshima, akaniambia, "Sawa, mayu." Akaondoka bila mchele. Hapo ndipo nilipaswa kuogopa.

Siku ya saba walipita wanaume wawili wakiuliza njia ya kwenda kisimani. Kisima walikuwa wametoka kukipita. Wakamsalimia Yasini kwa adabu sana, wakamwuliza goti, wakatazama udongo alipotemea mate. Siku ya nane akaja Thobias. Huyu ana karasha mbili Katoro, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, na tumbo la mtu mwenye karasha tatu. Alikuja na vijana wanne, karai na maji kwenye madumu, akaketi kando ya kibanda akamwambia Yasini, "Mzee wangu, tumekuja kukujulia hali."

"Hali nzuri. Napumzika."

"Ndiyo, mzee. Tumesikia unapumzika." Vijana wakachekeana.

Yasini akaapa. Aliapa kwa Mungu, kwa mtoto wake, kwa goti lake. Akawaambia hakuna kitu chini yake isipokuwa mkeka wa Mama Makoye. Thobias akasikiliza mpaka mwisho, akageukia vijana wake, akasema, "Mnaona? Mtu mwenye haki haapi namna hii."

Nikasema, "Kama hangeapa?"

"Mama, kama hangeapa tungejua anaficha."

Nawapa wachimbaji wa huku sifa yao: hakuna kitu unachoweza kuwaambia ambacho hakitathibitisha kwamba kuna dhahabu. Yasini anachechemea? Ameumia akitoka shimoni. Analala mchana? Anachimba usiku. Hajatembea siku nane? Hata mtoto anajua mtu wa huku hakai mahali pasipo na kitu. Nikawaambia mimi nimekaa hapa miaka thelathini na tatu. Wakanitazama kwa huruma, kama mtu aliyekalia mali miaka yote bila kujua.

Walichota udongo wa nyuma ya kibanda, wakauosha kwenye karai. Kijana mmoja akainama, akasema ameona kitu kinameta. Nikainama na mimi. Nikaona kitu kinameta. Ni kweli, kilikuwa kinameta. Udongo wote wa huku una vitu vinavyometa, na tungekuwa tunavila tungekuwa matajiri.

Siku ya tisa waliamka arobaini kwenye mtama wangu. Siku ya kumi walikuwa zaidi ya mia tatu. Sijui wanatoka wapi hawa watu. Nikiwa na msiba hapa, hawafiki ishirini. Mpaka saa tano asubuhi tulikuwa na mama lishe sita, kinyozi mwenye betri ya gari, kibanda cha kuonyesha mpira, na mtumishi mmoja wa Mungu mwenye spika akiwaombea mashimo yatoe. Mwenyekiti wa kitongoji, Gregory, ambaye nilimwita miaka miwili aje kuamua mpaka wangu na jirani hakuja, alifika na daftari na kalamu mbili. Mtama waliung'oa. Masuke yalikuwa bado wiki tatu. Waliyakanyaga, wakayatandika kwenye tope ili wasiteleze.

Nilipiga kelele. Nilimtukana Thobias, nikamtukana Gregory, nikamtukana Makoye na baba yake aliyemzaa, kisha nikakumbuka baba yake ni marehemu nikamwomba radhi. Thobias akanivuta pembeni kwa upole wa ajabu. Akaniambia, "Mama, mwenye shamba ana mgawo wake. Kila shimo likitoa mawe, viroba vyako vinawekwa kando. Ndiyo taratibu. Utavuna kuliko mtama."

Na mimi, mwanamke wa miaka hamsini na minane, niliyekuwa nimewacheka hawa watu tangu nipate akili, nikamwuliza, "Vinawekwa kando wapi?"

Katikati ya fujo hiyo Yasini alikuwa bado amelala kibandani. Hawakumgusa. Walichimba kumzunguka kama wanavyozunguka kaburi. Na hapa ndipo likaja jambo ambalo ningecheka mpaka leo kama mwisho wake usingekuwa ulivyo. Watu mia tatu wanaochimba wanahitaji tochi za kichwani. Wanahitaji betri, soksi, sabuni, vidonge vya maumivu. Na pale katikati yao amelala mtu mwenye begi zima. Walimjia mmoja mmoja, wanainama kwenye mlango wa kibanda, wanasema, "Samahani, mzee, usiamke." Anafungua zipu kwa mkono mmoja, anatoa, anafunga. Kabla ya adhuhuri ya siku ya kumi begi lilikuwa tupu. Lilianguka upande, limelegea kama kuku aliyenyonyolewa.

Mzigo wa wiki sita, ameumaliza amelala. Wateja wamemfuata wao. Alichokuwa akikiota siku tano zilizopita kilimjia chenyewe, na kilikuja na chenji. Alikuwa amebakiza siku nne tu za kulala, halafu daktari amtazame, halafu apande gari aende kwa Shadya na begi jepesi. Nilimpelekea chai nikamwambia, "Baba Amira, umeona? Umepona kila kitu."

Alikuwa ametazama nje. Mkunjo ule wa katikati ya nyusi ulikuwa umerudi.

"Ni wengi," akasema.

"Wajinga huwa wengi."

"Watu mia tatu, Mama Makoye. Watu wazima. Wamewahi kuona dhahabu, si kama mimi na wewe. Wote watakosea?"

Nikaweka chai chini. "Wewe ndiye uliyelala hapo! Wamekuja kwa sababu yako. Umelala kwa sababu ya goti."

"Najua."

"Basi?"

"Najiuliza tu kwa nini goti liligoma hapa." Akaligusa lile goti kwa heshima, kama anamgusa mjumbe. "Limetembea miaka ishirini na miwili. Kwa nini halikugoma Isaka? Kwa nini halikugoma Nyasubi, nyumbani kwangu, mke yupo? Limekuja kugoma hapa hapa. Makoye anasema mwili unajua vitu."

Nilimwambia Makoye hajui hata mahali anapoweka viatu. Nilimwambia maneno mengi, yote ya kweli. Yasini akatikisa kichwa kwa utaratibu, akanywa chai, na nikaona mguu mzima umeanza tena kuchezacheza chini ya shuka.

Mchana ule ule akanunua hisa katika shimo la Makoye na vijana wa Thobias, lile lililokuwa hatua tano kutoka alipokuwa anaweka kichwa. Akatoa karibu mauzo yote ya begi. Mtu aliyejua kuliko mtu yeyote duniani kwamba pale hapana kitu, mtu aliyeapa kwa Mungu mbele ya Thobias, akaingiza hisa. Thobias alimpongeza. Akasema, "Mzee, sasa umeacha kuficha."

Ningependa kusema kwamba nilimcheka. Kwa sauti nilimcheka. Lakini jioni ile nilikaa jikoni nikaanza kujiuliza kwa nini marehemu mume wangu alihamia hapa. Watu wa kwao walihamia upande wa Kahama kwenye ardhi nzuri, yeye akaja huku kwenye mawe. Sikuwahi kumwuliza. Nilifikiri ni ubishi wake tu. Nikajikuta nimesonga ugali umekuwa mgumu kama tofali, kwa sababu nilikuwa nahesabu vyumba vya nyumba ambayo miaka kumi na moja nimemcheka Makoye nayo.

Siku ya kumi na moja, mchana, kelele zikatoka shimoni. Jiwe jeupe! Wachimbaji wakiona jiwe jeupe limelala kama mkanda kwenye ukuta wa shimo, wanapata wazimu. Watu walimiminika ukingoni. Makoye akapanda juu, macho mekundu, akasema limeonekana chini, mkanda mzima, unaelekea kwenye kibanda, akakimbia kumwita Thobias, na watu wakatawanyika kuufuata kwenye mashimo yao.

Sasa wenye hisa wana desturi yao. Mwenye hisa akisikia mkanda umeonekana, anashuka mwenyewe auone, kwa sababu asiposhuka, mawe mazuri yatapanda na watu wengine na yeye ataonyeshwa changarawe. Hakuna anayemwamini mwenzake mita saba chini ya ardhi, hata ndugu. Yasini alitoka kibandani. Sikuwa nimemwona amesimama siku kumi na moja. Goti lilikuwa limepungua kabisa, lilikuwa karibu sawa na la kushoto. Alikanyaga kwa uangalifu, hatua tano, akafika ukingoni akasimama na kuchungulia.

Simu ikalia mfukoni. Ni Shadya. Alipiga kila siku saa hiyo, baada ya adhuhuri.

"Napumzika, mke wangu," akasema Yasini. Alikuwa amevaa tochi kichwani, aliyoiazima kwa kijana aliyemwuzia jana yake. "Kelele? Ni watu wanavuna. Ndiyo. Zimebaki siku tatu. Nisalimie... Amira yupo? Mpe." Akasikiliza. Alisikiliza muda mrefu, na midomo yake ikitabasamu. Nadhani binti alikuwa anamsomea kitu. Kisha akasema, "Vizuri sana, mwanangu. Endelea utanimalizia jioni," akakata.

Akashuka. Mashimo haya hayana ngazi. Kuna vishimo vya kukanyagia vilivyokatwa kwenye ukuta, huku na huku, na unashuka umetanua miguu kama chura, magoti yote mawili yamekunjwa, kamba kiunoni, mtu wa juu ameishika. Alishuka vizuri mpaka karibu na chini. Tukasikia sauti moja, si kubwa, kama mtu anayevunja muwa. Halafu yeye akapiga yowe.

Tulimtoa kwa watu sita. Jiwe jeupe lilikuwa jiwe, na jeupe, basi. Thobias alilisaga kwenye karasha yake mara mbili, likatoa unga mzuri sana. Kabla ya wiki kuisha zikaja habari za rashi nyingine, huko mbele, na wale mia tatu wakaondoka asubuhi moja na spika yao na kinyozi wao. Makoye aliondoka nao. Waliniachia mashimo arobaini na saba na vyungu vitatu ambavyo si vyangu. Mwaka huu nakula mtama wa kununua.

Mwezi uliopita nilikwenda Nyasubi kumwona. Yuko mbele ya nyumba, kwenye kiti, na meza ndogo ya bidhaa. Mguu wa kulia umenyooshwa juu ya stuli, haukunjiki tena. Ana fimbo, kama binti wa zahanati alivyosema. Wapita njia wananunua wembe, wanamwambia pole, wanaendelea. Alinipokea kwa furaha, akamwita Amira aje anisalimie, na hakuzungumzia shimo hata mara moja. Mimi pia sikulizungumzia.

Shadya ndiye aliyelizungumzia. Aliniandalia chakula, akakaa karibu yangu, akaniuliza kwa upole ulionichoma kuliko matusi, "Mama Makoye, ni nani aliyemruhusu mgonjwa kushuka mle? Nani alishika hiyo kamba?"

Nikasema vijana wa Thobias. Nikasema mimi nilikuwa kisimani.

Sikuwa kisimani. Alipofika ukingoni na kumaliza kuongea na binti yake, Yasini alisita. Alirudisha mguu nyuma, akatazama kibanda, akanitazama. Nadhani ningesema neno moja pale angerudi kulala. Vijana wa Thobias hawakuwapo, walikuwa wanakula. Kamba niliishika mimi, kwa mikono miwili, na nilikuwa nimeshaikaza kiunoni mwake, na nilimwambia, "Shuka haraka, Baba Amira, kabla hawajarudi."